Suti ya Miaka ya Foleni

Baba yangu hakuwahi kuandika kipimo cha mtu. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja ya mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, na vipimo vya wateja wake wote vilining'inia ukutani nyuma yake, kwenye misumari. Vilikuwa nyuzi. Alitumia uzi wa kusukia nyavu, ule mweupe unaogeuka kijivu ukishikwashikwa. Fundo moja lilikuwa kiuno, mafundo mawili yaliyobanana kifua, matatu urefu wa suruali, na hivyo hivyo mpaka kwenye mkono. Kila mteja alikuwa na uzi wake, bila jina wala alama. Ukimuuliza atajuaje uzi huu ni wa nani, alikutazama kama mtu aliyeulizwa anawajuaje watoto wake. Kusoma alijua, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Ila alisema karatasi huliwa na panya na daftari huibwa, lakini uzi nani ataiba.

Mimi sina subira. Nalisema mapema ili msije mkashangaa huko mbele. Miaka ile ya foleni, nikiwa msichana, zilishuka doti za vitenge kwenye duka la ushirika. Nikachoka kusimama, nikaamua kupita juu ya kaunta. Nilitua upande wa pili bila kitenge, na mfupa wa bega la kushoto ukiwa umevunjika. Uliunga vibaya. Tangu siku hiyo bega hilo liko chini kidogo kuliko mwenzake, na kila gauni alilonishonea baba lilikuwa na kipande cha kitambaa kilichokunjwa ndani ya bega la kushoto ili nionekane nimenyooka. Kwenye uzi wangu bega hilo alilipa fundo lake la peke yake, dogo na gumu.

Nyuzi nyingi za ukutani alizifunga miaka hiyo hiyo. Sabuni hakuna, tulifua kwa majani ya mpapai. Tulikula ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mpaka mama akasema tutageuka rangi. Vitambaa vilipokuwa adimu kabisa baba alishona kaptula za magunia ya unga, na watoto wa Kigera, mtaa tuliokuwa tukikaa, walikimbia huku na huko na maandishi ya Kizungu makalioni. Mji mzima ulikuwa mwembamba. Baba alikuwa akisema angeweza kuivalisha kata nzima kwa vipimo vya watu watatu.

Mmoja wa wembamba hao alikuwa mtu wa Bunda, rika lake, aliyezungusha samaki wakavu kati ya Musoma na Bunda. Walipatana tangu siku ya kwanza kwa sababu wote wawili walipenda kuchokozana. Yeye alikuwa Mkristo, wa ukoo wa wafuga ng'ombe. Baba alikuwa Mwislamu, na baba yake alitokea Tabora. Yule alisema watu wa Tabora walifika Musoma kwa kupotea njia. Baba alimjibu kwamba mtoto wa wafugaji anayeuza furu amewaaibisha wazee wake wote, waliokufa na walio hai. Kisha wanakunywa chai ya mkono mmoja, bila kitafunwa wala sukari, na baba anamfungia uzi wa suruali ya gunia.

Milango ya biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kuingia, mtu wa Bunda aliingia kwenye biashara ya sangara. Alipata gari, halafu magari, halafu tumbo. Baba ikabidi amfungie uzi mwingine, na siku hiyo alicheka sana akisema amemaliza kibunda kizima cha uzi kwa kiuno cha mtu mmoja. Ule uzi wa zamani hakuutupa. Aliutundika msumari ule ule, chini ya mpya.

Mimi nami niliingia kwenye biashara, na hapo ndipo utani ulipohamia kwangu. Nilianza kuuza mitumba, meza yangu ikiwa hatua kumi kutoka kwenye baraza ya baba. Mitumba ndiyo iliyowatia mafundi cherehani njaani, na hiyo hiyo ikawatoa. Baba aliziita nguo zangu kafa Ulaya, kama watu wote walivyoziita, akidai kila shati lina marehemu wake. Lakini wateja wangu walipotaka suruali ipunguzwe au koti likatwe mikono, niliwapeleka kwake, akazipunguza akiwa anawasomea dua marehemu. Tuliishi vizuri.

Halafu mama alifariki. Tulimzika kwao Butiama, na baba alirudi Musoma na kukaa kwenye cherehani yake siku ya tatu, kwa sababu alisema mikono isiyo na kazi inatafuta machozi. Muda si mrefu baada ya hapo akaanza kusahau. Mwanzo tulicheka, na yeye alicheka zaidi yetu. Alivaa miwani akaitafuta. Alimsalimia jirani mara tatu asubuhi moja, na jirani akaitikia mara tatu kwa adabu. Alipika maharage, akayaacha jikoni, akaja Mukendo, na harufu ya kuungua ikawatoa majirani watatu wakamfuata kumpa taarifa.

Kicheko kilikoma siku ya suruali ya mwalimu mkuu. Mdogo wangu wa kiume ni mwalimu, na wakati huo alikuwa akifundisha Butiama, ambako pia alikuwa amejenga. Alimleta mwalimu wake mkuu, mtu mrefu kama nguzo ya simu, ashonewe suruali. Baba alimpima, akafunga uzi, akautundika. Siku ya kuchukua nguo ikatoka suruali ya mtu mfupi mnene. Mwalimu mkuu aliivaa kwa heshima, ikaishia chini kidogo ya magoti, akasimama barazani huku wapita njia wakitazama. Mdogo wangu alitamani ardhi ipasuke.

"Dada," aliniambia pembeni, "baba amechoka. Nyumba ipo, ng'ombe wapo, kaburi la mama liko pale. Aje apumzike."

"Ukimtoa kwenye cherehani utampumzisha moja kwa moja," nikamjibu. Nilisema kwa hasira, na sikuomba radhi.

Tukakubaliana kwa shingo upande. Baba angeendelea kushona, ila kosa jingine kama lile likitokea, cherehani ingepanda gari kwenda Butiama, na yeye pamoja nayo. Baba hakuulizwa. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa msichana, na baba alimwita mwanangu tangu mlangoni. Alimpima presha, akampima tena. Akachukua damu na mkojo. Kisha akamuuliza maswali ya kupima kumbukumbu. Alimwambia atoe saba kwenye mia, na aendelee kutoa saba saba. Baba alikaa vizuri kwenye kiti.

"Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa," akashuka hivyo bila kupumua, mpaka mwisho. "Tisa. Mbili. Hizo mbili zilizobaki ni za pindo."

Daktari alicheka, nami nikajiona nimeshinda kesi. Kisha akamuuliza, "Mzee, kilo ya sukari siku hizi bei gani?"

Baba alimwinamia, akashusha sauti. "Kwani imeshafika?"

Sukari ilikuwa imejaa kila duka. Daktari hakucheka tena.

Majibu yalipotoka aliniita ndani peke yangu. Aliniuliza presha ya baba ilianza lini. Nilimwambia ilionekana tangu miaka ya foleni, wakati zahanati ilikuwa inatoa nusu pakiti ya vidonge na kusema vingine mwezi ujao, na mwezi ujao havipo. Kwa hiyo baba alijifunza kubana. Alimeza kidonge siku kichwa kikiuma tu, na kisipouma alisema leo sina presha. Dawa zilipojaa madukani, tabia ile alibaki nayo.

"Basi presha imekaa naye miaka yote hiyo bila kutulizwa," daktari akasema. "Imekula figo, na inakula mishipa midogo ya kichwani vilevile. Na huzuni ya kufiwa na mama nayo imo. Figo hazijafikia kusafishiwa damu kwa mashine. Ile mashine iko mbali na hapa, na hata wanaosafishwa, wengi wao kumbukumbu inapungua. Tuitulize presha sasa, pengine hatafika huko."

"Na kichwa?"

"Kilichokwenda siahidi kukirudisha. Kilichobaki tunaweza kukilinda. Ameze kidonge kila siku, apunguze chumvi, asikae bure."

Kila siku. Baba ambaye hakumbuki kama amekula. Nilimpa kidonge asubuhi, mchana akaniuliza mbona sijampa, jioni akashikilia katakata kwamba hajawahi kukiona kidonge hicho maishani. Siku nyingine nilichelewa kwenye mzigo wa mitumba na akameza viwili. Nilipiga kelele, akaniangalia kwa huruma akaniambia niende nikapimwe presha.

Hali ikiwa hivyo, dereva wa mtu wa Bunda akasimamisha gari mbele ya baraza na kuteremsha kitambaa cha suti, buluu nzito, kizuri mno. Mzee alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi ya wiki iliyofuata, kanisani, na hataki suti ya dukani. Alikuwa Nairobi kwa matibabu karibu miaka miwili, dereva akasema, na angekuja kwa siku chache tu za harusi. Sisi hatukuwa tumemwona muda wote huo. "Amesema fundi anakijua kipimo chake."

"Ninakijua," baba akasema, na mikono yake ikaanza kufanya kazi kabla dereva hajawasha gari. Wiki ile alikuwa mtu mwingine. Aliimba. Alinifukuza nilipomletea chai. Mimi nilikuwa nimefungua robota jipya la mitumba na kichwa changu kilikuwa kwenye makoti, nikamwacha. Alhamisi mchana nikaenda kutazama.

Suti ilikuwa imekwisha, imepigwa pasi, imetundikwa. Mshono ulikuwa wa kufundishia shule. Nikainama kuokota vipande vya kitambaa chini ya cherehani. Kitambaa kilichobaki kilikuwa karibu mita nzima. Kwa tumbo la mtu wa Bunda pasingebaki hata cha kufutia miwani. Nikaangalia msumari. Uzi mrefu, ule wa mwenye magari, ulikuwa pale pale na vumbi lake. Mezani ulikuwa umelala ule wa miaka ya foleni.

Nilipima kiuno kwa tepu. Suruali ile ingeingia mguu mmoja wa yule mzee. Na kwenye harusi hiyo alikuwa amealikwa mdogo wangu pia.

Nilitaka kupiga ukelele, nikajizuia kwa sababu baba alikuwa amekaa ananitazama, akisubiri sifa. Nikasema, "Baba, imetoka safi." Hakukuwa na uongo hapo. Halafu nikaenda kwenye robota langu, nikafukua mpaka chini, nikapata suti ya kafa Ulaya, buluu nzito, ya mtu mnene kwelikweli. Nikaifua, nikaipiga pasi, nikaikunja ndani ya begi pamoja na ile mita ya kitambaa, sindano, uzi na mkasi. Mpango wangu ulikuwa huu: mzee akishindwa kuvaa, namvuta chumbani, namvalisha ya marehemu wa Ulaya, na Mungu anisamehe.

Jumamosi alfajiri gari la mzee likatuchukua. Baba alikaa mbele na suti mapajani, imefunikwa shuka. Makutano, penye njia panda ya Butiama, tulimkuta mdogo wangu anatusubiri, ametoka Butiama, viatu vinang'aa. Akalitazama begi langu lililovimba.

"Dada, harusini unaendaga na biashara?"

"Nyamaza, mwalimu," nikamwambia.

Bunda tulikuta ua umejaa, turubai limefungwa, wanawake wanapepeta mchele. Tulipelekwa sebuleni. Mlango wa chumbani ukafunguliwa, akatoka mzee mmoja mwembamba, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola, anatembea polepole. Nilimsalimia shikamoo kwa heshima nikidhani ni kaka wa mtu wa Bunda. Aliitikia marahaba, na kwa ile sauti nikajua ni yeye. Tumbo lile lote halikuwepo. Miaka miwili ya ugonjwa wa figo ilikuwa imemrudisha alikotoka.

Nilihisi machozi na kicheko vikinijia pamoja, na sikujua kipi nikitoe kwanza.

"Bwana fundi," mzee akasema, "bado hujapata njia ya kurudi Tabora?"

"Naogopa kupita Bunda," baba akajibu. "Vaa tuone."

Alivaa. Kiuno kilikaa. Kifua kilikaa. Urefu ulilala juu ya kiatu kama ulivyotakiwa. Mdogo wangu alinigeukia akanyanyua nyusi, uso wake umejaa fahari, akaninong'oneza, "Baba bado yupo." Mimi nililisukuma begi chini ya kochi kwa kisigino.

Ni mkono mmoja tu uliobana, wa kushoto. Baba aliliona hilo kabla ya mwenyewe kusema. Mzee akalivua koti, akakunja shati, akatuonyesha palipotuna juu ya kiwiko. Alisema waganga wa Nairobi waliunganisha mishipa miwili ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Mara mbili kwa wiki anakaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Jumatatu jioni ilibidi awe amerudi huko Nairobi, kwa mwanawe anakokaa.

"Weka vidole hapa," akamwambia baba.

Baba aliweka. Akasikiliza kwa vidole, kichwa ameinamisha. "Una cherehani humu ndani," akasema.

"Ya umeme."

Walicheka mpaka mzee akatafuta kiti. Baba akaomba mkasi na kitambaa, nami nikavitoa kwenye begi haraka kama mtu aliyejiandaa kwa hilo hilo. Alifumua mshono wa mkono, akaingiza kipande, akashona kwa mkono pale pale kwenye kochi, mishono midogo midogo, haraka, bila miwani. Alipokuwa anashona mzee alituuliza kama tumepewa chai. Tukasema ndiyo. Baada ya dakika akauliza tena. Mara ya tatu alijishtukia mwenyewe, akacheka, akatoa daftari dogo mfukoni lenye mwandiko wa binti yake: siku za mashine, jina la bwana harusi, chai wageni wamepewa.

"Sisi wa mashine tunasahauga sana," akaniambia. "Nilimuuliza daktari wangu, akasema kwanza ni ile presha niliyoidharau, na sukari. Damu nayo hupungua. Na mashine yenyewe, ikikushusha presha ghafla, kichwa kinakosa damu kidogo, leo kidogo, kesho kidogo. Hayo yote nimeyakubali, mwanangu. Ila alisema kinachonimaliza upesi ni kule kukaa nyumbani kwa mwanangu, natazama dari, siulizwi kitu. Hapa nilikuwaga naulizwa bei ya samaki tangu asubuhi." Akamwonyesha baba kwa kidevu. "Huyu nani anamuuliza kitu?"

"Wateja," nikasema.

"Basi wasije wakaisha."

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu. Alisikia, lakini hakujua bado kwamba lilikuwa linamhusu.

Harusi ilikwenda vizuri. Mzee alimpeleka binti yake madhabahuni kwa miguu yake, na watu walisema suti ile lazima imetoka Nairobi. Baba alikula pilau, akapongezwa na kila mtu, akachoka vizuri. Tukapanda gari jioni. Karibu na Makutano baba akasema, bila kugeuka, "Bado hajanenepa yule. Nilijua tu. Unga wa yanga haumnenepeshi mtu."

Mdogo wangu akacheka.

"Foleni zikiisha," baba akaendelea, "nitamfungia uzi mwingine."

Kicheko kikaisha. Mdogo wangu akanitazama. Gari lilisimama Makutano ateremke, akamwambia dereva aendelee.

"Dada. Ulijua?"

Nikafungua begi, nikamwonyesha suti ya marehemu wa Ulaya. Aliitazama kiuno, akaivuta huku na huku. Nilingoja anilipukie, na alikuwa na haki. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka kwa kuficha uso ndani ya ile suti, mpaka dereva akauliza kama kuna aliyefiwa.

Kesho yake hakucheka. Tulikaa Kigera, sisi wawili, baba akiwa amekwenda msikitini. Alisema tulikubaliana, na kosa ni kosa hata kama limeangukia pazuri. Nilikiri. Nikamwambia baba atakosea tena, hilo halina mjadala, na mwalimu mkuu mwingine atatoka na magoti nje. Lakini mzee wa Bunda amepata kila kitu, mashine, madaktari, mtoto wa kumlea, na anakufa kwa kutoulizwa kitu. "Butiama nani atamuuliza kitu? Ng'ombe?"

Mdogo wangu akauliza, "Na vidonge?"

Nilisema sijui, na kwangu hilo ni neno gumu kulitoa.

Ni yeye aliyepata jibu, lazima nimpe haki yake. Alichukua kipande cha uzi wa nyavu, akaanza kufunga mafundo, kwa taabu, ulimi nje kama mwanafunzi wake wa darasa la kwanza. Baba alirudi akamkuta, akamnyang'anya, akasema mafundo ya mwalimu yanafunguka yenyewe. Akafunga mwenyewe thelathini, yamepangika. Tukamwambia: kila asubuhi baada ya swala, chai, kidonge, fundo moja linafunguliwa. Fundo la leo, nitakalolitia chaki jana yake jioni, likiwa limefunguka, umemeza. Likiwa limefungwa, hujameza. Uzi ukatundikwa kwenye shingo ya cherehani.

Hakukosea hata siku moja. Aliweza kusahau kama amekula, kama mvua imenyesha, kama mama yupo, lakini vidole vyake vilikwenda kwenye uzi kabla hajafikiri. Kila mwisho wa mwezi mdogo wangu alikuja na vidonge vingine, na baba alimfungia uzi mpya huku akimfundisha tena kufunga mafundo. Presha ilishuka. Daktari alitaka kuuona uzi wenyewe, baba akampelekea, akampima na mabega papo hapo. Mashine ya kusafisha damu hatukuihitaji mpaka mwisho wake.

Nyuzi za ukutani nazo nilizishughulikia. Baba alitaja mwenye uzi, mimi nikauliza majirani kama ni kweli, kisha nikashonea kila uzi kipande cha kitambaa chenye jina. "Mnazivalisha nguo nyuzi zangu?" alilalamika. Kila mteja niliyeweza kumwonyesha njia nilimleta kwake, na kila mmoja nilimwambia: muulize kitu. Mtu wa Bunda alimtuma dereva wake mara kwa mara kutoka huko Nairobi alikokuwa, na ujumbe ulikuwa ule ule, kwamba anauliza kama fundi amepewa chai.

Uzi mmoja tu sikuushonea jina, wangu. Niliona hauna haja.

Miaka ilikwenda hivyo, mingi kuliko tulivyotumaini. Asubuhi moja niliacha meza yangu nikapanda barazani, na baba akaniinukia kwa adabu ile anayompa mgeni. "Karibu mama," akasema. "Tukushonee nini?"

Iliniuma. Sitasema vinginevyo. Nilitaka kumshika mabega nimtikise, nimwambie mimi ni nani. Badala yake nikanyoosha mkono msumarini, nikautoa uzi wangu, nikamkabidhi. "Nishonee kwa kipimo hiki," nikasema.

Aliupitisha vidoleni polepole, kutoka shingoni kushuka. Akafika kwenye lile fundo dogo, akasimama. Akalirudia. Uso wake ukachangamka wote.

"Huu siwezi kukupa, mama. Huu ni wa binti yangu. Bega la kushoto limeshuka, alikosa subira kwenye foleni." Akaukunja, akauweka mfukoni mwa shati, akapiga juu yake kwa kiganja. "Kaa kidogo. Hawezi kukaa mbali na hapa, atakuja sasa hivi."

Nikavuta kigoda, nikakaa kando yake, tukamngoja.